Vifaa vya Kuchorea: Jaribu Kabla ya Kulipa



Tuseme leo ni siku ya gulio. Umeuza kuku wawili na debe moja la mahindi. Chumvi umekwisha nunua, na sabuni, na daftari la mtoto. Mkononi zimebaki fedha kidogo. Mbele yako muuzaji ametandika turubai lake chini, na juu ya turubai kuna kasha linalong'aa. Ndani ya kasha mna penseli za rangi 24, kichongeo, na raba yenye umbo la samaki.

Wewe unapenda kuchora. Tangu uliposhika kalamu katika darasa la kisomo, mkono wako hautulii. Umechora jembe, umechora mbuzi, umemchora mwalimu mwenyewe na kofia yake. Sasa moyo unakuambia: nunua kasha lile.

Ngoja kidogo. Soma kwanza.

Watu wengine hudhani kuchora ni mchezo wa watoto. Si kweli. Fundi seremala huchora kiti kabla ya kukata mbao, ili mteja aone na wakubaliane bei. Mama anayetarizi vitambaa huchora ua kwanza kwa penseli, ndipo apitishe sindano. Mwashi akichora nyumba kwenye karatasi, mwenye nyumba anajua mapema mlango utakuwa upande gani. Na wako wanaochora kwa sababu wameona uso wa mtu, au ng'ombe wakirudi jioni, na hawataki jambo hilo lipotee.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Alikuwa hataki. Lakini siku moja alikubali nimchore. Alikaa mlangoni akisuka ukili wake, nami nikamchora tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilitumia kalamu za wino wa rangi, zile zenye ncha laini, kwa sababu rangi zake zilikuwa zinang'aa. Karatasi ilikuwa ile nyepesi ya kijivu, kama ya gazeti, kwa sababu ilikuwa rahisi. Picha ilipendeza. Tuliitundika ukutani, mkabala na dirisha.

Mwaka uliofuata bibi alifariki. Miaka miwili baadaye mtandio wake mwekundu katika picha ile ulikuwa umekuwa mweupe. Karatasi iligeuka rangi ya chai. Uso wake ulikuwa unaondoka kidogo kidogo, kama mtu anayeingia katika ukungu.

Siku ile nilichora vizuri. Vifaa ndivyo vilivyoniangusha, na vifaa hivyo nilivichagua mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

KALAMU YA RISASI

Tuanze na penseli. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, na wako wanaoiita hivyo hata leo. Jina hilo linatokana na kosa la zamani. Katika karne ya 16, huko Borrowdale, nchini Uingereza, watu walichimba jiwe jeusi, laini, lililoacha alama kila lilipogusa kitu. Wakadhani ni aina ya risasi. Haikuwa risasi. Yalikuwa madini ambayo sisi Tanzania tunayaita kinywe. Madini hayo hata kwetu yapo, kwa mfano Mahenge katika Mkoa wa Morogoro, na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi.

Basi ndani ya penseli mna kinywe. Lakini kinywe hakiko peke yake. Mwaka 1795 Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, alipata njia mpya ya kutengeneza penseli. Wakati huo Ufaransa ilikuwa katika vita na Uingereza, na kinywe kizuri cha Waingereza hakikupatikana. Conté alisaga kinywe hafifu, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akafinyanga vijiti vyembamba, akavichoma katika tanuri. Ni kazi ambayo mfinyanzi wa chungu angeielewa mara moja. Penseli za leo bado hutengenezwa kwa njia hiyo.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu hapo ndipo utajua kuchagua. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na alama yake huwa ya kijivu hafifu. Kinywe kikizidi, penseli huwa laini na alama yake huwa nyeusi.

Sasa ichukue penseli uitazame ubavuni. Mara nyingi utaona herufi. Herufi H maana yake ni ngumu. Herufi B maana yake ni nyeusi, yaani laini. HB iko katikati, na hiyo ndiyo penseli ya shule unayoifahamu. Mbele ya herufi huwekwa namba. Penseli ya 2B ni nyeusi kuliko HB. Ya 4B ni nyeusi zaidi, na 6B zaidi tena. Upande wa pili, 2H ni ngumu, na 4H ni ngumu mno. Angalia jambo moja: penseli nyingine haina herufi, ina namba 2 peke yake. Hiyo ni sawa na HB. Usiichanganye na 2B.

Anayeanza anahitaji penseli mbili tu: HB moja na 4B moja. Ukikosa 4B, chukua 2B. Kwa HB utatafuta umbo, polepole, kwa mkono mwepesi. Kwa 4B utaweka kivuli chini ya kidevu, ndani ya chungu, chini ya mwembe. Penseli ngumu za H mwachie mchora ramani za nyumba. Ukiibana penseli ngumu ili itoe weusi, haitatoa. Itachimba mfereji katika karatasi, na mfereji haufutiki.

Nimeona watu wanaonunua kasha la penseli kumi na mbili za kila namba. Wengi hutumia mbili au tatu, nyingine huzeeka ndani ya kasha.

Kabla ya kulipa, ijaribu penseli. Muuzaji mwema hatakukataza. Kwanza tazama kichwa chake. Moyo mweusi uwe katikati kabisa ya mti. Ukiwa umeegemea upande mmoja, kila ukichonga mti utafunika ncha upande huo, na ncha itavunjika. Kisha iviringishe juu ya ubao ulio sawa. Ikirukaruka, mti wake umepinda, na moyo wake huenda umekwisha katika.

Halafu chora. Chukua kipande cha karatasi, chora mstari ukianza kwa mkono mwepesi na kumalizia kwa mkono mzito. Penseli nzuri itapita kutoka kijivu hadi cheusi bila kukwama. Ukisikia inakwaruza kama kuna mchanga ndani, irudishe. Na kama imeandikwa 4B, ilinganishe na HB hapo hapo. Ikiwa zote mbili zinatoa weusi ule ule, herufi hizo zimepigwa chapa tu. Rangi ya nje na maandishi ya dhahabu havichori kitu.

Penseli ikianguka, moyo wake hukatika ndani ingawa mti ni mzima. Kila ukichonga, ncha inatoka yenyewe kama jino bovu. Watu hulaumu kiwanda, kumbe mtoto aliiangusha sakafuni jana. Kichongeo chenye wembe butu nacho huvunja ncha. Mimi hutumia kisu kidogo chenye makali. Shika penseli, elekeza makali mbali na mwili wako, punguza mti kidogo kidogo mpaka moyo utokeze kama upana wa kidole chako kidogo. Ncha ndefu ya namna hiyo unaweza kuilaza ubavu, na ikilala huweka kivuli kipana kwa mpito mmoja.

KARATASI

Hapa nataka tukae kidogo. Wanaoanza hutoa fedha nyingi kwa penseli na rangi, kisha huchora juu ya karatasi yoyote. Mimi nasema fanya kinyume. Penseli ya kawaida juu ya karatasi nzuri itakupa picha nzuri. Penseli ya bei kubwa juu ya karatasi mbovu haitakupa kitu.

Karatasi nyingi hutengenezwa kwa mti. Mti husagwa au hupikwa mpaka nyuzi zake ziachane, kisha nyuzi hizo hutandazwa na kukaushwa. Ndani ya mti kuna kitu kinachozishika nyuzi pamoja kama gundi. Katika karatasi ya gazeti, mti umesagwa tu, na gundi hiyo imebaki humo. Mwanga na hewa vikiigusa, hugeuka rangi. Gazeti likikaa juani siku chache huwa la manjano, na baada ya muda hukatika likikunjwa. Sasa unajua picha ya bibi yangu iliharibiwa na nini kwa upande wa karatasi.

Kwa kazi ya kujifunza, tumia karatasi yoyote. Nyuma ya kalenda iliyopita ni pazuri. Daftari la mistari pia linafaa kwa mazoezi, ingawa mistari yake haifutiki na itapita katikati ya uso wa mtu unayemchora. Usiogope kuharibu. Jaza kurasa. Lakini kwa picha unayotaka watoto wako waione, tafuta karatasi nyeupe, nzito, isiyo na mistari.

Uzito huo utaujuaje? Juu ya pakiti ya karatasi huandikwa namba, kwa mfano gramu 70 au gramu 80. Namba hiyo ni uzito wa karatasi yenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja. Karatasi za ukubwa wa A4, ambazo ndizo za ofisini, zinaingia 16 katika eneo hilo. Basi fanya hesabu: 80 gawanya kwa 16 ni 5. Kila karatasi ina gramu 5. Pakiti nzima ina karatasi 500, kwa hiyo uzito wake ni gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu. Kama muuzaji ana mizani na pakiti imeandikwa gramu 80, iweke juu ya mizani. Ikipungua sana, ama karatasi ni nyepesi kuliko ilivyoandikwa, ama hazifiki 500.

Karatasi ya gramu 80 yafaa kwa penseli. Kwa mkaa na kwa rangi ya maji ni nyepesi mno, hujikunja. Kwa kazi hizo tafuta ya gramu 120 au zaidi. Wenye maduka ya vifaa vya shule mjini huwa nayo, na wengi hukubali kukuuzia moja moja. Nunua tano. Zilinde kama unavyolinda mbegu.

Kama pakiti haina namba, tumia macho na vidole. Iinue karatasi juu kuelekea mwanga. Ikiwa ina mawingu mawingu, hapa nene, pale nyembamba, nyuzi zake hazikutandazwa sawa, na penseli itatoa madoa. Kisha chora mistari michache katika kona, ifute, uchore tena, ufute tena. Mara tatu. Karatasi nzuri itavumilia. Mbovu itatoa manyoya, na pale penye manyoya penseli itashika uchafu mweusi. Mwisho ipapase. Ikiwa inateleza kama kioo, kinywe hakitashika vizuri. Karatasi ya kuchorea inataka ukwaruzi kidogo.

Kuna karatasi moja ambayo watu huidharau, nami naipenda kuliko nyeupe. Ni ile ya kaki, ya rangi ya udongo, inayotumika kwa bahasha na kufungia mizigo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, kimetengeneza karatasi za namna hiyo kwa miti ya misindano ya huko huko. Ni ngumu kuchanika. Tena ina siri. Ukimchora Mwafrika juu ya karatasi nyeupe, lazima uifunike karatasi yote ya uso kwa penseli ndipo ngozi ionekane. Juu ya kaki, ngozi ipo tayari. Weka weusi penye kivuli kwa mkaa, weka weupe kidogo kwa chaki pale jua linapogusa paji la uso, ncha ya pua na mfupa wa shavu. Mengine yaache kama yalivyo. Uso utatokea mwenyewe, na utashangaa.

Ukipata mfuko wa saruji wa karatasi, tumia matabaka yake ya ndani yasiyogusa saruji. Yakung'ute nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Vumbi la saruji huumiza macho na kifua.

MKAA UNAOTENGENEZA MWENYEWE

Mkaa wa kupikia unaweza kuchora, lakini ni mgumu, hukwaruza, na huacha mapengo. Mkaa wa kuchorea ni wa vijiti vyembamba vilivyochomwa bila hewa. Madukani ni ghali. Nyumbani haukugharimu ila muda.

Tafuta vijiti vilivyonyooka, unene wa penseli. Viwe vya mti mlaini, visivyo na tundu kubwa katikati. Wachoraji wa nchi nyingi husifu matawi ya mzabibu, kwa hiyo ndugu zetu wa Dodoma wana bahati: matawi yanayokatwa wakati wa kupogolea mizabibu yanafaa sana. Wengine jaribuni miti iliyo karibu, mmoja mmoja. Mti mgumu hutoa mkaa mgumu.

Menya maganda. Anika vijiti mpaka vikauke kabisa. Vikate urefu wa kopo lako. Kopo liwe la bati, lenye kifuniko kinachobana. Toboa kifuniko tundu moja dogo kwa msumari. Usisahau tundu hilo. Moshi usipopata njia, kopo laweza kupasuka na kukuumiza. Panga vijiti ndani, vibanane, kwa maana hewa ikiwa nyingi vitaungua. Funga. Weka kopo katikati ya moto wa kuni.

Baada ya muda moshi utatoka kwa nguvu katika tundu. Mwache. Moshi ukikoma, vijiti vimeiva. Mara nyingi huchukua kama saa moja, kulingana na moto. Liondoe kopo kwa koleo, liweke chini, na hapa ndipo watu wengi hukosea: usilifungue. Ukifungua likiwa la moto, hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu mbele ya macho yako. Liache mpaka kesho.

Mkaa ukiiva vizuri, unapoangusha kijiti juu ya sahani hulia kama kigae chembamba. Kijiti kilichobaki kahawia hakikuiva, kirudishe.

Mkaa una tabia moja: hauna msimamo. Kitambaa kikipita, umeondoka. Kwa kujifunza hiyo ni faida, maana unafuta kosa kwa kidole na kuanza upya. Kwa picha ya kuhifadhi ni tatizo. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 19, alikuwa akimwagia michoro yake ya penseli maziwa yaliyochanganywa na maji ili ishike. Kwetu sikushauri, mende watafurahi mno. Weka karatasi safi juu ya picha, kisha zibane mbili hizo kati ya mbao au kadi ngumu ili zisisuguane.

RABA

Raba nayo ijaribu. Ile ngumu ya rangi, na hasa ile ya umbo la samaki, mara nyingi husambaza weusi na kuchuna karatasi. Chagua nyeupe, laini, inayojikunja kidogo ukiibonyeza. Zamani, kabla mpira haujatumika kwa kazi hii, wachoraji wa Ulaya walifuta kwa sehemu laini ya mkate. Ukikosa raba nzuri, finyanga kipande cha mkate usio na mafuta, ubonyeze juu ya mkaa bila kusugua. Unafanya kazi.

RANGI, NA JUA

Sasa turudi kwenye lile kasha la rangi 24. Penseli za rangi za bei rahisi huwa na nta nyingi na rangi kidogo. Ijaribu nyekundu: paka mara mbili mahali pamoja. Ikiteleza na kung'aa kama mshumaa bila kuongeza wekundu, basi umenunua nta. Ni bora rangi sita zilizoshiba kuliko 24 zenye njaa. Nyekundu, manjano, buluu, kahawia, nyeusi na nyeupe zitakufikisha mbali. Kijani utakipata kwa buluu juu ya manjano.

Lakini adui mkubwa wa rangi ni jua. Wala huwezi kumjua dukani. Fanya hivi: ukinunua rangi mpya au kalamu ya wino, chora mistari mipana kwenye karatasi, kila rangi na mstari wake. Funika nusu ya kila mstari kwa kadi nene. Weka karatasi hiyo dirishani penye jua. Baada ya miezi miwili ondoa kadi. Utaona wazi ni zipi zilizopauka na ni zipi zilizosimama. Kalamu nyingi za wino wa rangi hupauka, na kalamu nyingi za kuandikia pia. Penseli nyeusi na mkaa havipauki. Kinywe na mkaa vyote ni kaboni, na jua haliondoi weusi wake.

Udongo mwekundu nao haupauki. Ushahidi uko Kolo, wilayani Kondoa. Kuna michoro kwenye miamba huko, ya watu na wanyama, na mingi imechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo. Baadhi yake ina umri wa maelfu ya miaka. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waliochora hawakuwa na duka.

Udongo huo unaweza kuutumia nawe. Usage mkavu, uchekeche kwa kitambaa, usage tena mpaka uwe laini kama poda. Loweka gundi ya mgunga katika maji ya moto mpaka iyeyuke. Changanya. Hiyo ni rangi ya maji. Ukitumia masizi ya sufuria mahali pa udongo, utapata wino mweusi. Ikikauka na kutoka vumbi ukiigusa, gundi ni kidogo. Ikipasuka pasuka kama tope la bwawa, gundi imezidi.

Tena nikukumbushe habari za Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakutafuta turubai za wachoraji wala rangi za mirija kutoka Ulaya. Alichukua mbao za hadibodi, zile za kujengea, na rangi ya mafuta inayong'aa, ya kupaka baiskeli, ambayo iliuzwa madukani. Rangi hiyo haichanganyiki kwa upole kama rangi ya maji. Hukauka ikiwa tambarare na yenye kung'aa. Basi akachora kwa namna inayokubaliana nayo: mnyama mkubwa mmoja, rangi safi, mipaka wazi. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo picha za Tingatinga zinajulikana nchi nyingi. Alikifahamu kifaa chake, akajua kinachoweza na kisichoweza.

Basi pale gulioni, nunua penseli mbili, raba nyeupe, na karatasi tano nzito kama zipo. Fedha itabaki. Mkaa uko kwenye mizabibu na makopo, na udongo uko njiani.

KUHIFADHI

Picha iliyokamilika usiitundike mkabala na dirisha. Usiibandike ukutani kwa uji wa unga, maana uji huita mende na panya. Usiiweke chini ya mkeka, mchwa watakutangulia. Mahali pazuri ni juu, pakavu, ndani ya bahasha au kati ya kadi mbili.

Nami picha ya bibi niliiteremsha. Pale nilipokuwa nimebonyeza kalamu kwa nguvu, karatasi ilikuwa na alama bado, ingawa wino ulikwisha. Niliielekeza ubavu kwenye taa, nikaona macho, nikaona mstari wa mtandio na vidole vilivyoshika ukili. Nikaweka karatasi mpya, nzito, na penseli ya 2B, nikanakili kila nilichokiona. Kinywa hakikuacha alama. Kinywa nilikichora kwa kukumbuka, na mama yangu husema sicho.

Kwa hiyo ukimaliza kumchora mtu wako, igeuze karatasi. Kule nyuma andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, jina la uliyemchora, jina la kijiji, na tarehe. Andika taratibu, bila kubonyeza, herufi zisije zikatokeza upande wa uso.